Zakayo Wino Aachiwe Mara Moja

Wageni wanaofika nchini kwetu huondoka wameduwaa. Wanatuona tunaruka madimbwi barabarani, tunapanga foleni ya maji, tunamsubiri daktari aliyekwenda semina mwaka juzi, na hatulalamiki. Huuliza siri yetu ni nini. Siri yenyewe ni nyepesi. Kwetu mtu haruhusiwi kulalamika mpaka afaulu kwanza mtihani wa kuandika barua ya malalamiko, na mtihani huo ni wa Kiingereza. Basi tumetulia tuli, na amani yetu inasifiwa hadi ng'ambo. Jina la nchi sitalitaja, maana hutajwa kwa kibali, na kibali huombwa kwa barua.

Msidhani sheria hii ilitungwa na watu wabaya. Wakubwa wetu walipokuwa vijana walifanya mitihani mingi, wakaanguka karibu yote, lakini swali la barua walilipata. Hesabu hakuipata hata mmoja wao. Walipokabidhiwa nchi wakaona ni haki kuiendesha kwa kile wanachokijua. Tangu hapo tuna barua za aina mbili. Kuna barua rasmi, yenye anwani mbili, tarehe, "Dia Sa", kichwa kilichopigiwa mstari kwa rula, na "Yozi feithifuli" mwishoni. Halafu kuna barua ya kirafiki, yenye anwani moja, ambayo ni lazima ianze kwa kusema mimi ni mzima wa afya, sijui wewe mwenzangu, hata kama mwandishi amelazwa na mguu umefungwa plasta.

Mimi nilikuwa Msahihishaji Mwandamizi katika Wizara ya Barua Rasmi na za Kirafiki. Watu wa nje hudhani kazi ya wizara ni kujibu barua. Hata kidogo. Kujibu barua ni kazi ya watu wasio na shughuli. Sisi tulizisahihisha. Raia akiandika kwamba zahanati yao haina dawa, tuliisoma barua yake kwa makini, tukazungushia makosa wino mwekundu, tukampa alama na kumrudishia ajifunze. Soko kuu lilipoungua, wafanyabiashara waliwaandikia zimamoto barua nzuri sana, ila kwa haraka zao walisahau kuruka mstari baada ya tarehe. Zimamoto wakairudisha. Barua ya pili ilikuwa safi kabisa, tumeitundika ukutani hadi leo. Soko ndilo hatunalo.

Sasa niwaeleze habari za Mbaruku Chande, maana kila kitu kilianzia kwake.

Mbaruku alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole, mwenye mikono ya grisi na moyo wa kupenda watu, na huo moyo ndio uliomponza. Kalavati la mtaani kwao lilikuwa limebomoka, watoto wakawa wanavuka mtaro kwa ubao. Kwa kuwa alishafaulu mtihani ujanani, alikuwa na haki ya kulalamika, akamwandikia Katibu Mkuu wetu, Mheshimiwa Dakta Kitwima. Barua ilikuwa nzuri. Anwani zilikaa mahali pake, kichwa kilinyooka. Lakini alipofika mwisho, mkono ukateleza. Badala ya kufunga kama inavyotakiwa, akaandika: "Wasalimie wote nyumbani."

Mheshimiwa alikuwa na kawaida ya kubeba mafaili kwenda nayo nyumbani, ili mkewe aone kwamba kazi zipo. Jioni ile mkewe akafungua faili, akaisoma barua, akavua miwani.

"Baba, wote ni akina nani? Watoto wameoa na kuolewa. Hapa nyumbani tuko mimi na wewe."

"Ni namna tu ya kusema, mke wangu."

"Mtu hawezi kusalimia *wote* kama hajui kuna wote. Huyu fundi anajua jambo."

Kumbe kweli kulikuwa na jambo, na lilikuwa limepangishiwa nyumba kule mlimani, lina vyumba vitatu na mtoto anayeanza kutembea. Wiki ile Mheshimiwa alilala ofisini, juu ya meza ya mikutano, na alipoamka alikuwa ameshapata jina la kosa: kuchanganya miundo kwa nia ya kujenga ukaribu na Serikali.

Kesi haikuchukua muda. Hakimu aliuliza, "Mshitakiwa, Serikali ni rafiki yako?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Sasa unaisalimia ya nini?"

Mbaruku akahukumiwa kukaa Gereza la Mabano mpaka hapo Serikali itakapopokea barua rasmi ya kumwombea isiyo na kosa hata moja. Mfungwa mwenyewe haruhusiwi kalamu, kwa kuwa kalamu ina ncha. Ikabidi barua iandikwe na mkewe.

Mkewe aliitwa Bi. Sikudhani, mshonaji wa sare za shule, na Kiingereza chake chote kilikuwa kwenye lebo za nguo. Alijua maneno ya "usifue kwa maji ya moto". Alikuja dirishani kwetu akiwa na uzi begani na sindano imechomekwa kwenye kanga, akaniambia bila kupoteza muda:

"Mwalimu, namtaka mume wangu. Mwanangu Nuru ana miaka mitatu. Juzi kapita muuza mkaa, kamkimbilia akamwita baba. Nikichelewa, atamsahau baba yake kabisa. Niambie nifanye nini."

Nilimhurumia, na kama ilivyo desturi ya ofisi, nikampa mwongozo wa mtihani. Maana mtu ambaye hajafaulu hawezi kuombea mtu, na mtihani una maswali mawili, moja la barua rasmi na jingine la barua ya kirafiki. Akaufungua, akanionesha swali la pili, nikamtafsiria: "Mwandikie rafiki yako Piita aliye ng'ambo, umweleze ulivyotumia likizo yako."

"Piita ni nani?"

"Rafiki yako, mama."

"Mimi simjui."

"Hakuna anayemjua. Wewe mwandikie tu."

"Na hiyo likizo?"

"Ulikwenda kijijini kwa babu. Mkapanda mlima, mkaona simba, mkarudi mmechoka lakini mna furaha."

"Babu yangu kafa zamani, Mwalimu, na kwao hakuna hata kichuguu."

"Katika mtihani yu hai," nikamwambia, "na mlima upo."

Nikamweleza pia habari ya jina. Kwenye mitihani yetu mtahiniwa haandiki jina lake. Kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, mzee kwa kijana, hutumia jina lililotolewa na wizara: Zakayo Wino, Sanduku la Posta 1. Ni utaratibu wa tangu zamani, umewekwa ili msahihishaji asijue anamwonea nani. Bi. Sikudhani akaniangalia kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa na kukiona hakitoshi, kisha akachukua mwongozo akaenda.

Mara ya kwanza aliharibu. Alimtafuta mtoto wa jirani aliyesoma amfundishe maneno machache, kisha akaja ukumbini akaandika ukweli. Alimwambia Piita kwamba yeye si mzima wa afya, usingizi hana, mume wake yuko jela kwa sababu ya salamu, na kama huko ng'ambo Piita anamfahamu mtu mkubwa yeyote, tafadhali amwambie. Akasaini Sikudhani. Ilikuwa barua ya kumliza mtu, na mimi niliposoma machozi yalinilengalenga, kwa sababu anwani haikuwepo kabisa. Nikampa sifuri, nikaandika pembeni: "Umejibu lisiloulizwa. Simba yuko wapi?"

Alikuja kuichukua karatasi yake, akaisoma dirishani kwa kidole.

"Kwa hiyo ukisema kweli unafeli."

"Si kwa sababu ya kweli, mama. Unafeli kwa sababu kweli haimo kwenye mwongozo."

"Nimekuelewa, Mwalimu," akasema, na sauti yake ilinifanya nirudi nyuma kidogo, ingawa kati yetu kulikuwa na nondo.

Akarudi nyumbani akafanya ambalo wote wanaofaulu nchini kwetu hulifanya. Aliacha kujifunza, akaanza kukariri. Alibandika kurasa mbili za mwongozo ukutani mbele ya cherehani, ule wa Piita na ule wenye "Barua ya Mfungwa Kuomba Kuachiwa", akawa anakanyaga na kusoma, anakanyaga na kusoma. Hakujua neno moja lina maana gani. Majirani wanasema hata akigombana na mteja aliyetaka suruali yake mapema, lilikuwa likimtoka "Dia Sa". Nuru naye akalishika, akawa anamsalimia kuku nalo.

Siku ya mtihani akakaa, akainama, akaandika bila kupumzika, akasimama. Niliichukua karatasi nikaisoma mstari kwa mstari. Nilitafuta kosa nikalikosa. Nikageuza karatasi juu chini. Kila alama ilikuwa mahali pake. Alinakili hadi namba ya ukurasa iliyoko chini, nasi tukaihesabu kuwa sahihi, kwa kuwa mwongozo nao unayo. Simba alikuwepo. Babu alikuwa mzima. Na barua rasmi ilisema, kwa Kiingereza cha kunyooka: "Mimi, Zakayo Wino, naomba kwa heshima na taadhima niachiwe kutoka katika gereza lako."

Nikampa alama zote, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nchi ianze.

Mheshimiwa Dakta Kitwima aliposomewa ombi hilo alilichukua kuwa la kweli, akasimama. Wakati huo alikuwa amesharuhusiwa kulala nyumbani, sebuleni, na alikuwa anatafuta jambo la kumrudishia heshima. Akaita waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi," akasema, "nchi changa hujenga viwanda. Nchi zilizokomaa huandika barua. Leo mwananchi wa kawaida, ndugu yetu Zakayo Wino, akiwa katika mazingira magumu ya gereza ambayo sisi kama Serikali tumemwekea, ameandika barua isiyo na kosa. Nani atasema hatusikii? Tumesikia! Natamka hapa, mbele ya kamera, Zakayo Wino aachiwe mara moja, na nitakwenda kumfungulia kwa mkono wangu."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, na kwa nguvu.

Tulikwenda gerezani na bendi. Bi. Sikudhani alipewa nafasi kwenye gari la ngoma, amejitanda kanga mpya, amekaa na kifurushi cha nguo za mumewe mapajani. Mkuu wa gereza, Afande Kisatu, alitupokea kwa saluti, akaisoma amri, akaisoma tena.

"Mheshimiwa, hapa hatuna mfungwa anayeitwa Zakayo Wino."

"Afande, barua umeiona?"

"Nimeiona, Mheshimiwa."

"Ina kosa?"

"Haina, Mheshimiwa."

"Basi kosa liko gerezani kwako. Mtafute."

Wafungwa wakatolewa uwanjani, wakapangwa mistari, Afande akapaza sauti: "Zakayo Wino ni nani?" Mikono yote ikapanda juu. Wengine walinyosha miwili. Askari wawili waliokuwa mlangoni nao wakanyosha. Katika uwanja mzima mtu mmoja tu aliiacha mikono yake chini, naye alikuwa Mbaruku Chande, kwa sababu ameulizwa jina la mtu mwingine na yeye si mwongo.

Bi. Sikudhani aliruka kutoka kwenye gari.

"Yule pale!" akapiga kelele. "Yule mrefu, wa mwisho. Ndiye Zakayo wangu!"

"Mama Nuru," Mbaruku akasema taratibu, "umechanganyikiwa? Mimi ni Mbaruku. Mbaruku bin Chande."

"Nyamaza, Zakayo!"

"Jina hili kanipa marehemu baba."

Mkewe akamsogelea mpaka karibu, akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa jirani nikasikia. "Baba Nuru, mwanao anamwita muuza mkaa baba. Mimi nimekariri mambo nisiyoyajua mpaka naota simba. Ukilitaja hilo jina mara nyingine, nakuacha humu na jina lako, naapa."

Mbaruku alitazama chini. Nilimwona akimeza mate kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Nisiseme uongo, niliumia kumtazama.

"Mimi ndiye Zakayo Wino," akasema.

Bendi ikapiga. Mheshimiwa akamkumbatia mbele ya kamera, akamwita fahari ya taifa, akamvisha skafu. Mbaruku na mkewe wakashikana mikono kuelekea getini, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona yule mama akitabasamu, meno yote nje. Hapo Afande Kisatu akakohoa.

"Samahani, Mheshimiwa. Kuna jambo dogo la hesabu."

"Hesabu?" Mheshimiwa akasema, akiwa na hofu ya zamani usoni.

"Anayetoka ni Zakayo, ambaye hakuwahi kuingia. Aliyeingia ni Mbaruku, na Mbaruku hajaachiwa. Kwa hiyo lazima awepo ndani. Jioni nitamwita, na asipoitika, mimi ndiye nitakayekuwa nimemtorosha."

Afande, ambaye si mtu mbaya, akatafuta njia. Akanigeukia mimi.

"Labda Mwalimu aitazame barua upya. Ikipatikana na kosa, hata dogo, amri inafutika. Huyu tunamrudisha ndani, na wote tunakwenda kula."

Mheshimiwa akaniangalia kwa matumaini. Bendi ikaniangalia. Bi. Sikudhani hakuniangalia mimi, aliniangalia mkono, ule wa kalamu. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania shati la mumewe mpaka kifungo kimekatika.

Ile namba ya ukurasa ilikuwa pale chini. Msahihishaji yeyote angeweza kuizungushia. Niliogopa, tena sana, maana nilishaanza kuelewa hesabu ya Afande inaelekea wapi. Lakini katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kushusha alama iliyokwisha kutolewa, na sikuona kwa nini nianze siku ile, mbele ya mwanamke yule.

"Haina kosa," nikasema.

"Una hakika?"

"Haina kosa, Afande. Wapisheni wapite."

Geti likafunguliwa wakatoka, na hawakugeuka nyuma. Mheshimiwa akanishika bega kwa upendo mwingi.

"Mwalimu, unaitwa nani?"

"Elikana Mshoro, Mheshimiwa."

"Si jina baya. Lakini nchi inahitaji Mbaruku. Mimi nina mkutano. Bendi ina harusi Jumamosi. Afande ndiye mwenye funguo. Unaona mwenyewe."

Niliona. Serikali ilinipa blanketi, na kwa kuwa Mbaruku alikuwa mrefu, sare ilinizidi kidogo.

Nisiwachoshe na habari za humu ndani, ambazo kwa jumla ni nzuri. Uji unaivishwa siku zote ila inaponyesha. Asubuhi na jioni Afande huita, "Mbaruku Chande!" na mimi huitika. Mwanzoni nilikuwa nachelewa. Huko wizarani kiti changu wamempa kijana mwenye wino mwekundu zaidi ya wangu, na simulizi hii ninaisimulia kwa mdomo kwa mwenzangu anayetoka kesho, kwa kuwa bado kalamu ina ncha.

Wanaoruhusiwa kunitembelea ni mke wangu, yaani Bi. Sikudhani, na ndugu wa mke peke yao. Kwa vitabu vya gereza yeye ni mke wa Mbaruku, na Mbaruku ni mimi. Jumapili iliyopita alikuja na chapati, na nyuma yake alikuwepo fundi mrefu, aliyeandikishwa getini kuwa ni Zakayo Wino, shemeji.

Tulikula kwanza. Nikaona nisilibane moyoni, nikamwomba: "Bi. Sikudhani, wewe ndiye mtu pekee nchini aliyewahi kuandika barua isiyo na kosa. Niandikie na mimi."

Alikunja kitambaa cha chapati, akakikunjua.

"Sikufichi, Mwalimu. Nilikaa nikijaribu juzi. Lakini barua ya kumtoa Mbaruku ikifika, watauliza Mbaruku yuko wapi, na huyu asivyojua kudanganya atanyosha mkono. Nakuombea kila siku. Nitakuletea chakula mpaka nife. Ila hiyo barua siiandiki."

Nilimwelewa. Nilikasirika pia, sitaki kusema sikukasirika. Nilitaka kumwambia nilichokifanya pale getini kwa ajili yake, lakini alikuwa anajua, ilionekana jinsi alivyoshindwa kuniangalia usoni.

Walipoinuka kuondoka ndipo mumewe akashika nondo kwa ile mikono ya grisi, akainama karibu yangu, akauliza kwa aibu, kama mtu anayeulizia mtoto aliyemwacha kwa watu:

"Mwalimu, jina langu linaendeleaje?"

"Halijambo," nikamwambia. "Jana lilichapwa viboko kwa kuchelewa kuitika. Leo linaweza kukaa."